Saa Kumi

Nilimjua Staniforth kwa mgongo wake kwanza:
ameinama nyuma ya meza ya mitambo, anakunja nyaya,
nami naingia na ndoo na glavu za mpira.
Sheffield, chini ya matao ya reli, saa kumi alfajiri.
Ngoma zake sikuzicheza hata moja.
Kila mara nilizikuta zimekwisha,
limebaki jasho ukutani
na gilasi zilizokanyagwa.

Miaka kumi na minane hivyo.
Mapigo mia na arobaini kwa dakika, aliniambia siku moja,
kama mtu anayetaja presha yake kwa daktari.
Vijana walimlipa awazuie kulala
naye akawazuia, Ijumaa kwa Ijumaa,
hadi sikio lake la kushoto likaanza kulia lenyewe,
mluzi mwembamba, kama birika lililosahauliwa
nyumba ya jirani.
Nikamwambia, kwetu husemwa ngoma ikivuma sana.
Akauliza, halafu?
Halafu sakafu haijakauka, usipite hapo.

Baridi iliyopita aliuza mitambo mitatu
na gari, lile jeupe lenye mlango usiofunga,
akasema anafungua lebo.
Si ya kurusha watu. Ya muziki uendao polepole,
na mwingine usiokwenda kabisa,
unaokaa tu, kama mgeni asiye na haja ya chai.
Santuri mia tatu, jalada la karatasi ya kaki.
Rafiki zake wa zamani walicheka kwa adabu.
Benki haikucheka, wala haikutoa.

Ya kwanza ni ya Maureen Tingle wa Rotherham,
fundi wa lifti mstaafu, aliyerekodi
mashimo ya lifti usiku kwa kinasa sauti cha kanda.
Dakika kumi na tisa: waya unapumua,
mlango unafikiri,
kinanda mbali sana kinagusa nota moja na kujuta.
Nilisikiliza nimesimama na ufagio.
Mimi niliyefunzwa kuhesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane kule, kituo,
nilitafuta kina nisikione.
Nikahesabu pumzi zangu. Zilitosha.

Jina ndilo lililomshinda.
Karatasi tatu za majina, yote kama rangi za kupaka choo.
Akaniuliza, saa hii kwenu mnaiitaje?
Saa kumi.
Akatazama simu. Hapa imeandikwa nne, Kheri.
Nikamweleza: usiku wetu una moja yake na mbili yake,
tunaanza kuhesabu jua likituaga,
kwa hiyo mshale wetu na wenu hutazamana
kutoka pande mbili za uso uleule.
Akanyamaza muda wa kibao kizima.
Kisha akachukua kalamu ya wino mzito
akaandika juu ya kasha.

Jumanne ya Februari, Attercliffe,
karakana ya zamani ya kunoa visu,
hita mbili za gesi, viti vya kuazima kanisani.
Tulikuja kumi na mmoja,
kumi na wawili ukimhesabu mbwa wa Maureen.
Sindano ikashuka. Mvua ikajiunga bila kualikwa.
Dakika ya saba dereva wa basi, bado na sare yake,
aliegemea ukuta, akasinzia,
kisha akalala kwelikweli, mdomo wazi.
Nikamtazama Staniforth nikidhani ataumia.
Amejishika kidevu, macho yamemlowa.
"Maisha yangu yote," akaninong'oneza,
"leo nimemlaza mmoja."

Upande wa kwanza ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi.
Sindano ikazunguka kwenye mfereji wa mwisho, tsk, tsk,
tukaiacha.

Zimeuzwa ishirini na sita hadi leo. Deni liko palepale.
Zilizobaki ziko jikoni kwangu, kasha juu ya kasha,
na hapo ndipo ninapoweka mguu
nifunge kamba za viatu, saa tisa na nusu,
niende kazini.